Mgongo Uliopinda: Nani wa Kulaumiwa?

Katika vilima vya Masisi, mtoto wa miaka 12 au 15 akianza kuota kibiongo, watu huuliza upesi: "Nani amemroga?" Mmoja humtazama jirani, mwingine humtazama mama mkwe. Je, swali hilo ni la haki?

Yafaa kwanza kulijua jambo lenyewe. Mgongo wa kijana waweza kupinda upande bila sababu ijulikanayo, hasa mgongo wa msichana. Wala si dhambi ya mtu iliyouleta. Bali kibiongo chenye ncha, pamoja na maumivu, homa za jioni na kukonda, mara nyingi ni kifua kikuu kilichoingia mifupani. Kijidudu chake kiligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882. Huenezwa kwa kikohozi cha mgonjwa, pengine kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa. Ndiyo maana yafaa maziwa yachemshwe. Mifupa iliyoliwa huporomoka, ikabana mishipa ya fahamu iendayo miguuni, na mtoto hawezi tena kusimama. Tabibu Mwingereza Percivall Pott aliyaandika hayo mwaka 1779. Leo dawa zipo: hunywewa kwa kawaida miezi 9 hata 12, na wengi wanaoanza mapema hutembea tena.

Hapo ndipo haki ilipo. Kila siku ya kumtafuta mchawi ni siku iliyoibwa katika miguu ya mtoto. Amlaumuye jirani bila ushahidi amekosa mara mbili: amemzulia asiye na kosa, tena amemwacha mgonjwa.

Mtu atasema: "Luka anamtaja mwanamke aliyepindika miaka 18, naye alifungwa na Shetani." Ni kweli. Lakini Yezu hakumnyoshea jirani yeyote kidole. Alimwita yule mwanamke, akamfungua siku ile ile, ingawa ilikuwa Sabato.

Je, aliyechelewa, ambaye miguu yake haitarudi? Asifichwe nyuma ya nyumba. Mwanamke yule alikuwa ndani ya sinagogi angali amepinda. Hakungoja kunyoka ndipo aende kusali. Vivyo hivyo mtoto huyo apewe nafasi shuleni na kanisani pamoja na wenzake.

Basi mzazi aonaye mgongo wa mwanawe unapinda, ampeleke kituo cha afya juma lile lile, asingoje miguu ilegee. Na jirani, badala ya kunong'ona, amsaidie kumbeba.