Sura ya Herufi ni ya Nani?

Alfabeti haina mwenyewe. Mtoto wa Ngokolo, mjini Shinyanga, hujifunza kuandika A bila ya kumlipa mtu. Walakini sura ya A, yaani unene na mkunjo wake, ni kazi ya mikono. Times New Roman, ambayo wengi wetu tumeandikia tasnifu, ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932. Je, sura ya namna hiyo ni mali?

Swali hili lilinijia nilipokuwa nikitengeneza kitabu cha kielektroniki cha hadithi za Kisukuma. Kisukuma kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Irabu mbili za ziada huhitaji alama, na simu isiyo na alama hizo humwonyesha msomaji visanduku vitupu. Dawa ni kuipachika fonti ndani ya kitabu. Nikaipachika fonti niliyoinunua. Baadaye nikasoma leseni yake: nilikuwa na haki ya kuchapa karatasini, si ya kupachika.

Nilijitetea kwamba nimelipa. Lakini karatasi hubeba alama ya herufi tu. Kitabu cha kielektroniki hubeba fonti yenyewe, ikanakiliwa pamoja nacho. Aliyeazima kinu hugawa unga, hagawi kinu.

Nikajitetea tena kwa sheria. Nchini Marekani sura ya herufi hailindwi kwa hakimiliki, ingawa programu ya fonti hulindwa. Lakini hata sheria ikinyamaza, ahadi hainyamazi, nami niliyakubali masharti kwa hiari. Tena, mimi nilalamikaye vitabu vyangu vikitolewa nakala vichochoroni, nitamnyimaje mchoraji haki ninayoidai mwenyewe?

Utauliza, msomaji: je, Kisukuma kikose irabu zake kwa sababu ya leseni? Hasha. Wako wachoraji waliotoa kazi zao kwa wote. Gentium, iliyochorwa na Victor Gaultney, ina leseni huria ya SIL: huruhusu kupachika, hukataza kuiuza fonti peke yake. Nikaiondoa ile ya kwanza, nikaiweka hii.

Wapo wasemao kwamba, maadamu mmoja ametoa bure, wote na watoe. Hawa huua kile wanachokisifu. Zawadi ni zawadi kwa kuwa mtoaji alikuwa na haki ya kutotoa. Asiyeiheshimu haki ya yule anayekataa hawezi kumshukuru kwa kweli yule anayekubali.