Mdogo Wangu, Usilifukie Gogo Hilo

Mdogo wangu wa Itigi, nakuona kando ya barabara na magunia yako, kila gunia limezibwa majani mdomoni. Mvivu si wewe. Anayekata gogo kwa shoka, akalifukia udongo, kisha akakesha na koleo akiziba kila ufa unaofuka ili mkaa usigeuke jivu, huyo nguvu anazo. Ila unaziuza kwa bei ya kutupa, na mti wenyewe unauuza mara moja tu.

Halafu mteja anakukimbia. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishatakiwa kuachana na kuni na mkaa mwanzoni mwa 2024. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko. Sasa tanuri hilo unamchomea nani?

Mkoa wetu wa Singida ni nchi ya alizeti. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tena za kuhesabu, na alizeti inazivumilia. Ipande kati ya Desemba na Januari. Kwa miezi minne hivi umevuna. Usimkimbilie mchuuzi anayekufuata shambani wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Jikusanyeni watano, mpeleke magunia mashineni, mkamue wenyewe. Mafuta yenu, na mashudu yenu pia, ambayo wafugaji wanayatafuta kwa udi na uvumba.

Sasa njoo nikuonyeshe kitu. Shika kichwa cha alizeti kilichokauka, pukuchua mbegu za katikati, ziminye kwa kucha. Zikibonyea, ni mapepe: ganda tupu, hakuna kiini. Ukame unaweza kuyaleta, na ua kukosa nyuki pia. Na nyuki wanakaa wapi? Kwenye vichaka hivyohivyo vya Itigi unavyovigeuza mkaa! Kila tanuri unalowasha linapunguza mafuta kwenye dumu la jirani yako, na mwakani kwenye dumu lako.

Kwa hiyo anza leo, mvua hazijafika. Gogo ulilokwisha kuliangusha usilifukie. Lipasue, lichimbe ndani, lifunge tena, uache tundu dogo la kuingilia nyuki. Litundike mtini, upande wa shamba lako.