Nilimwua Baba kwa Alama Nane

Baba yangu ni mzima. Leo asubuhi amekunywa chai, akalalamika kuwa sukari haitoshi, akaenda zake kazini. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu iko insha moja, ilikwenda hadi Marekani, inayosema kuwa alikwisha kufa. Aliyeiandika ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo si mabaya, na kichwani nina ndoto mbili: kuandika riwaya, na kusoma chuo huko Marekani ambako, nilidhani, waandishi hupikwa wakaiva. Nikajiandikisha kwa mtihani wa ACT. Wengi wenu mnaujua wa SAT. Huu ni ndugu yake. Wakati ule ulikuwa na Kiingereza, hesabu, kusoma na sayansi, kisha mwishoni insha ya dakika 40 ambayo ni ya hiari. Hutaki, unakwenda nyumbani, na alama ya jumla haikuguswi. Ukiandika, wanakusahihisha watu wawili na mwisho unapata kitu kati ya 2 na 12.

Sasa mimi, mwandishi mtarajiwa, niikimbie insha? Nikabaki kitini.

Swali lilihusu mashine zinazochukua kazi za watu. Wanakupa mitazamo mitatu, nawe unatoa wako na kuulinganisha na hiyo. Nikatafuta mfano, akaja baba. Zamani alikuwa mpiga chapa nje ya mahakama: meza, kiti, taipureta, na foleni ya watu wenye barua na viapo. Kompyuta zikaja, foleni ikakatika. Hadi hapo ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba ukweli ulivyoendelea haukunifaa. Baba aliuza kipande cha shamba kijijini, akanunua kompyuta ya mtumba na mashine ya fotokopi, akafungua kibanda. Habari hiyo ingenipeleka upande mwingine kabisa wa hoja, na saa ilikuwa inakimbia. Basi nikamwua. Nikaandika kuwa alikufa kwa kihoro mwaka mmoja baada ya taipureta kunyamaza, nikamzika kwa sentensi tatu nzuri sana. Moja ilinitoa machozi pale pale mbele ya kompyuta ya mtihani, mpumbavu mimi.

Nikapata 8.

Kijiweni washikaji wakagawanyika. Wengine walisema rudia bwana, nane kwa mtu anayejiita mwandishi ni aibu. Wengine walicheka tu: uongo wa mtihani nao ni uongo? Mmoja wao, msomaji wa kila kitu, akamleta Les Perelman wa MIT, ambaye mwaka 2005 alionyesha kuwa katika insha ya SAT ya wakati ule urefu na alama vilikwenda pamoja, na kwamba wasahihishaji hawakutakiwa kukata alama kwa kukosea mambo ya kweli. Kisha akanigeukia: "We si unataka kuandika riwaya? Kuzua ndiyo kazi yako. Unalia nini?"

Neno hilo lilinikaa siku nyingi. Nilijaribu kujitetea kwamba anayenunua riwaya anajua anachonunua, lakini mle nilisema "baba yangu" na jina langu liko juu ya karatasi. Ni sawa, ila utetezi huo unamhusu msahihishaji, na yule bwana au bibi sidhani kama alidhurika. Alisoma, akatoa alama, akachukua nyingine. Aliyedhurika ni baba, tena si kwa kufishwa. Nilimfutia kibanda. Nilichukua jambo gumu kuliko yote aliyowahi kulifanya nikalifanya halikutokea, kwa sababu lilikuwa linaniharibia aya ya tatu.

Kwa hiyo nikaamua kurudia, niandike ukweli. Nilijiona mtu mwema kweli kweli! Lakini wakati ule insha haikurudiwa peke yake. Ulirudia mtihani mzima na kulipa upya, na hela ni ya baba. Isitoshe, hakuna aliyekuwa anaidai. Harvard na Yale zilikwisha kuacha kuidai mwaka 2018, na vyuo vyangu, vya chini zaidi ya hivyo, navyo havikuidai. Toba hiyo ilikuwa ya nani, basi? Usiku mmoja nikajiuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: ningepata 11, ningeona vibaya? Jibu lilikuja haraka mno. Ningeichapa insha ile nikaibandika ukutani.

Kesho yake nikaenda kibandani. Baba alikuwa anabadilisha wino wa mashine, vidole vyeusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa ile hela?"

Nikamweleza yote, nimesimama. Alicheka aliposikia amekufa. Akauliza mama nilimwachia nani, nikasema mama sikumtaja. Akacheka tena.

"Na kibanda?"

"Hakikuwemo, baba."

Hapo hakucheka. Alifuta vidole kwa gazeti, kimoja kimoja. "Kufa nitakufa tu," akasema. "Hiki nilikifungua kwa shida." Halafu akavuta droo. "Hela ipo. Unarudia?"

Nikasema hapana. Niliomba vyuo na nane yangu ile ile. Viwili vilinikataa, cha tatu kilinikubali bila msaada wa ada, ambako nako ni kukataliwa kwa adabu.

Siku hizi namsaidia kibandani, na jioni wateja wakiisha naandika riwaya kwenye kompyuta yake. Ndani yake kuna mpiga chapa. Baba huzisoma kurasa kabla sijafika nyumbani, na swali lake ni moja kila siku: huyu bado yuko hai?

Bado, namjibu. Sijaamua.