Nani Amsemee Mraibu Bungeni?

Mtu wa Jibondo anayetaka kuachana na unga hana budi kuvuka maji mara mbili. Huvuka kwa mashua hadi Utende, akapanda gari hadi Kilindoni, kisha akaingia chomboni kuelekea Nyamisati, na toka hapo akashika njia ya Kibiti hadi Dar es Salaam. Safari hiyo watu wa Mafia wameizoea, kusi na kaskazi. Methadoni ndiyo isiyozoea bahari. Hunywewa kila siku, aghalabu mbele ya macho ya muuguzi, hasa katika miezi ya mwanzo, na nguvu yake hudumu kiasi cha siku moja tu. Ikikosekana, arosto hurudi: kamasi, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kukatika. Hakuna chombo kinachoweza kushindana na ratiba hiyo.

Tiba yenyewe si ngeni nchini. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliianza Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Katika Afrika kusini mwa Sahara, kisiwa ndicho kilichotangulia: Mauritius ilianza kutoa methadoni mwaka 2006, na mwaka huo huo Bunge lake likapitisha sheria ya UKIMWI iliyoruhusu wanaojidunga kubadilishiwa sindano. Huko dawa na sheria zilikwenda bega kwa bega. Kwingi kwingine dawa hutangulia, na sheria hubaki ikimtazama mgonjwa kwa jicho la zamani.

Jicho hilo ndilo lenye mushkili. Sheria ya mwaka 1995 ilifuatwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya mwaka 2015, ambayo Mamlaka yake ilianza kazi mwaka 2017. Ndani yake mtumiaji ana nyuso mbili. Kutumia ni kosa. Na mtumiaji huyo huyo ni mtu wa kutibiwa na kurejeshwa kwa watu wake. Yawezekana mtu mmoja akawa mkosaji na mgonjwa kwa tendo lile lile? Lugha imekwisha kulijadili jambo hili kabla ya wanasheria. Uraibu, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, ulikuwa tambuu na popoo, chokaa na tumbaku, vitu vya kumkaribishia mgeni. Ukawa pia ile hali ya kutoweza kuviacha. Neno halikubeba jinai. Teja ndilo lililokuja na jinai yake, na anayeitwa teja huwa amehukumiwa kabla hajafikishwa popote.

Basi sheria ikihitaji kurekebishwa, nani aombe? Jibu la haraka ni mraibu mwenyewe. Lakini mraibu akisimama mbele ya kamati ya Bunge na kusema, "Natumia, na hiki ndicho kinachonizuia kwenda kliniki," anakaribia kukiri kosa kwa mujibu wa sheria ile ile anayoomba irekebishwe. Wachache wamethubutu, upo hata mtandao wao wa kitaifa, TaNPUD. Wengi hunyamaza, na si kwa woga wa bure.

Kwa hiyo husema wanaotibu: matabibu, wauguzi, wenye nyumba za upataji nafuu, ambao wengi wao waliwahi kutumia. Na hapo shaka huingia. Nyumba hizo aghalabu huendeshwa kwa ada za jamaa. Mwenye nyumba akiomba serikali imsaidie gharama, anamwombea mgonjwa au anajiombea? Mganga hajigangi, husema wahenga. Lakini huyu anaelekea kujiganga kwa jina la mwingine.

Shaka hiyo ni ya haki, ila haitoshi kumnyamazisha. Mkalimani wa mahakamani naye hulipwa, na hakuna anayesema kwamba kwa kulipwa tu maneno yake ni ya uongo. Hosi yake ni nyingine: asitie lake katika kauli ya mshtakiwa. Mwenye kutibu aweza kupimwa vivyo hivyo. Ombi lake liulizwe: kama nyumba yake ingefungwa kesho, je, ombi lingebaki na maana kwa mgonjwa? Msamaha wa kodi kwa vitanda vyake huenda usibaki. Kuomba kwamba anayekwenda kunywa dawa asikamatwe mlangoni mwa kliniki, hilo hubaki hata kliniki ikibadili mwenyewe.

Kipimo hiki hutaka maandalizi, na maandalizi ni sehemu ya uadilifu wenyewe, ingawa wenye huruma wengi huyadharau. Anayelia mbele ya mlango usio wake hupoteza machozi ya mgonjwa, si yake. Sheria hubadilishwa kwa muswada: husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, na hapo wadau huitwa kutoa maoni, baada ya hapo nafasi ya raia huwa finyu mno. Kanuni ni kazi ya waziri, wala hazingoji muswada. Fedha ni habari ya Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni. Mambo matatu, milango mitatu, na kosa la kawaida ni kuyafunga yote katika waraka mmoja mrefu usiosomwa.

Mafia ina mbunge mmoja. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 46,438 wilayani, nao ni kiganja tu mbele ya mamilioni ya Dar es Salaam. Anayepanga kwa hesabu ya vichwa atajenga kliniki palipo na vichwa vingi, wala hatakuwa amekosea hesabu. Amekosea jambo jingine: haki ya mgonjwa mmoja haigawanywi kwa idadi ya majirani zake. Heroini ishukayo na majahazi kutoka pwani ya Makrani haikuuliza idadi ya watu ilipopita bahari hii.

Ombi la kisiwani, likiandikwa na watibu pamoja na waliotibiwa, laweza kuenea katika ukurasa mmoja. Kwa waziri: kanuni zinazoruhusu hospitali ya wilaya kunywesha dawa, na mgonjwa aliyetulia kupewa ya siku kadhaa nyumbani. Kwa Bunge: kinga kwa aliyeko njiani kwenda kutibiwa. Kwa bajeti: muuguzi mmoja aliyefunzwa, kabati lenye kufuli, na nauli ya mashua ya Jibondo.