Haki ya Kushika Spana

Watu wakizungumza juu ya mtu anayejitengenezea gari lake mwenyewe huuliza mambo mawili: ataokoa shilingi ngapi, na je, anaujua ufundi? Ni maswali ya maana. Lakini lipo la tatu ambalo silisikii likiulizwa, nalo ndilo linalonisumbua kila ninapolala chini ya gari: je, ninayo haki ya kuifanya kazi hii?

Nianze na adha zake, maana asiyezijua anaweza kudhani kwamba natafuta udhuru wa uvivu. Hapa Bagamoyo nimekuwa na Land Rover ya zamani kwa miaka mingi, na baadaye nikaongeza gari dogo la Kijapani lililokwisha kutumika. Magari haya mawili hayapatani hata kwa spana. La Mwingereza linataka spana za inchi. La Mjapani linataka za milimita, tena hasa namba 10, 12, 14 na 17, wakati wenzao wa Ujerumani na Ufaransa hupenda 13. Sasa chukua nati ya nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inacheza kidogo, na mtu mwenye haraka husema yatosha. Akivuta, pembe za nati zinalika, na kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku mbili, kwa tindo na nyundo. Ongeza hapo upepo wa bahari. Chumvi ya pwani yetu huila boliti polepole mpaka boliti na nati yake vinakuwa kitu kimoja, wala huwezi kusema kipi kinaishia wapi. Kitabu cha maelekezo? Katika gari la Kijapani kipo, kizuri, chenye picha, na maandishi yake yote ni ya Kijapani. Picha zinakusaidia mpaka unapofika kwenye alama ya onyo. Hapo unajua kwamba unaonywa, ila hujui unaonywa nini.

Wapo wanaosema dawa ni kuwa na gari la nyumbani. Si ndoto tupu. Katika miaka ya 1980, pale Kibaha, katika mkoa wetu huuhuu wa Pwani, jeshi lilibuni lori la Nyumbu, na Kibaha hiyohiyo kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania. Lakini sehemu za Scania zilitoka Sweden, na Nyumbu haikupata kuwa gari la mtu wa kawaida. Tukabaki na spana zetu za makabila mawili.

Pamoja na hayo, sisemi tuache. Kizazi changu kililelewa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, na neno kujitegemea lilituingia damuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na spea zikitafutwa kwa tochi, asiyeweza kubadili gasketi mwenyewe aligeuza gari lake kuwa banda la kuku. Hata leo naona kuna utu fulani katika kukijua kitu chako. Asiyejua lolote juu ya gari lake ni mateka wa kila anayefungua boneti.

Tatizo linaanzia kwenye breki. Ukikosea karbureta, gari linagoma kuwaka na hasara ni yako. Breki si hivyo. Ile mipira midogo iliyomo ndani ya silinda ya gurudumu, ikiguswa na oili ya injini, huvimba na kuharibika. Oili ya breki yenyewe hunyonya maji kutoka hewani, nasi huku pwani hewa yetu ni maji matupu. Kopo lililoachwa wazi kwa wiki kadhaa si la kutumia tena. Na breki zilizofungwa vibaya zaweza kushika vizuri mbele ya nyumba, zikashika Kerege, zikashika Mapinga, kisha zikakataa karibu na daraja la Mpiji, mbele ya watoto wa shule. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu. Mimi nazungumzia ubovu ambao hata mwenye gari hauoni.

Zamani kidogo, kabla barabara haijatiwa lami yote, jirani yangu alinijia alfajiri na mtoto mgongoni anayepumua kwa shida, akaomba nimpeleke Muhimbili. Jioni ya jana yake nilikuwa nimebadili mipira ya breki za nyuma kwa mikono yangu. Nilikuwa nimezijaribu, zilikuwa nzuri. Je, nimwambie? Kumwambia ni kumtwisha mzigo mama aliyekwisha kuelemewa. Kunyamaza ni kumwamulia juu ya mwanawe. Nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Jirani yangu, na hilo basi la asubuhi, umewahi kuuliza breki zake nani alizifunga?"

Akaingia. Tulifika salama, ila kufika salama hakukulijibu swali. Neno lake lilikuwa la kweli, na bado halinitulizi. Alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na ridhaa ya mtu wa namna hiyo ni nyembamba mno kuegemewa. Waliokuwa wakitembea kandokando ya barabara hawakuulizwa kabisa.

Nawaonea wivu wenye mashua. Fundi hutia kalafati palepale ufukweni, akishindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, na kila atakayepanda anaweza kusimama akaangalia. Mashua ikivuja, maji yanaonekana miguuni, na wanaoyachota ni walewale waliokubali kupanda.

Basi nimejiwekea mpaka, ambao rafiki zangu wanaucheka. Injini na umeme ni vyangu. Breki na usukani nampelekea fundi. Wananiuliza huyo fundi wa chini ya mwarobaini ana cheti gani. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, lakini mafundi wetu wengi walijifunza kwa kumshikia tochi fundi mwingine. Ni kweli, na huenda mimi ni mwangalifu kuliko yeye. Ila yeye hufungua breki kila siku, mimi mara moja kwa mwaka. Tena akimaliza, mimi hulala chini nikakagua nati moja baada ya nyingine, naye amesimama kando ananung'unika. Nikiifanya kazi hiyo peke yangu, nani atalala chini kunikagua mimi?

Kisha namwomba apande twende wote mpaka Kiromo na kurudi. Wengi hupanda bila neno. Mmoja aliniambia ana kazi nyingi, "Nenda tu, Mzee." Nikamrudishia spana yake, nikamwomba afungue magurudumu upya.