Akili ya Mtoto: Amana Isiyosubiri

Swali la iwapo mwanadamu anastahili kulaumiwa kwa upungufu ambao hakuuchagua ni la zamani katika falsafa na katika elimu ya dini, lakini limepata uzito mpya tangu ilipodhihirika kwamba dhiki ya miaka ya mwanzo ya uhai, iwe njaa, sumu katika mazingira au kukosa mlezi wa karibu, huathiri ubongo wenyewe. Ikiwa akili, ambayo ndiyo msingi wa wajibu wa kimaadili, hudhoofishwa kabla mwenyewe hajaweza kuchagua lolote, ni lazima kuuliza ni nani anayedaiwa.

Mfano mchungu wa jambo hili umetoka Romania. Amri ya 770 ya mwaka 1966, iliyotolewa katika utawala wa Nicolae Ceaușescu ili kuongeza idadi ya watu, ilipiga marufuku utoaji mimba isipokuwa katika hali chache, na familia nyingi zilizoshindwa kulea zikawaacha watoto wao katika taasisi za serikali, ambako walilishwa, wakaogeshwa na kulazwa kwa ratiba moja, chini ya wahudumu wa zamu waliobadilika kila mara. Vitanda vilipangwa safu kwa safu, mtoto mchanga akishinda kutwa akitazama dari, na wapo walioacha kulia kwa kuwa kilio chao hakikumleta mtu.

Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza mjini Bucharest uchunguzi wa watoto 136 waliokuwa katika taasisi hizo, ambao kwa njia ya kura nusu yao walipelekwa kwa familia za walezi, na nusu wakaendelea kutunzwa kama kawaida. Walipofikia umri wa miezi 54 walipimwa kwa kipimo cha akili ambacho wastani wake umewekwa kuwa 100: waliopangiwa kubaki katika taasisi walipata wastani wa 73, waliopangiwa familia za walezi 81, na watoto wa mji huohuo waliolelewa na wazazi wao 109. Tena, waliopata familia kabla ya kutimiza takribani miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Wataalamu hukiita kipindi hicho kipindi nyeti, yaani muda ambao ubongo hutegemea kusemeshwa, kubebwa na kuitikiwa ili miunganiko ya seli zake ijengeke ipasavyo.

Wapo watakaohitimisha kwamba mtoto aliyekosa hayo amepungukiwa utu, ilhali kipimo cha akili hupima uwezo wa kutenda kazi fulani, wala hakipimi thamani ya mja mbele ya Muumba wake. Sheria ya Kiislamu, inapofunga taklifu, yaani kuwajibishwa kwa maamrisho na makatazo, na akili pamoja na baleghe, haimdharau asiyetimiza masharti hayo, bali humwondolea mzigo na kuwatwisha wengine dhamana ya kumtunza.

Dhamana hiyo imeelezwa waziwazi katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki. Kumwokota mtoto aliyetupwa ni faradhi ya kifaya, yaani wajibu ambao wachache wakiutekeleza wengine husalimika, na usipotekelezwa na yeyote, wote wenye uwezo na habari hupata dhambi. Na mtoto huyo asipokuwa na mali, matumizi yake hutolewa katika hazina ya umma. Kwa hiyo deni haliishii kwa mama aliyeshindwa, bali linaifikia jamii nzima pamoja na watawala wake.

Linalofundishwa na Bucharest ni kwamba wajibu huo hautimizwi kwa paa na uji peke yake, kwa sababu watoto wale walikuwa navyo vyote viwili, wala hautimizwi wakati wowote ule jamii itakapopata nafasi. Deni la fedha likicheleweshwa huweza kulipwa kamili baadaye, lakini mtoto aliyecheleweshewa mlezi hupoteza sehemu ya haki yake ambayo fidia ya baadaye hairudishi yote, ingawa kila juhudi bado ina faida na hakuna umri unaohalalisha kumkatia tamaa. Jamii inayowapima vijana kwa mitihani ileile huku ikijua kwamba iliwaacha baadhi yao bila malezi katika miaka hiyo, haina budi kujihukumu yenyewe kabla ya kuwahukumu wao.