Je, Waandishi wa Riwaya za Vita Wanapita Kiasi?

Masomo: Maombolezo 4:1–10, Luka 23:32–34



Wazazi wengine huuliza kama yafaa Mkristo kusoma riwaya za vita, zilizojaa damu, maiti na vilio. Swali hili ni la haki. Mtume Paulo alituagiza tuyatafakari yaliyo safi na yenye kupendeza (Wafilipi 4:8). Lakini angalieni: katika mstari uo huo, la kwanza alilotaja ni yaliyo ya kweli.

Tuchukue mfano mmoja. Erich Maria Remarque, Mjerumani, alipelekwa vitani akiwa kijana, akajeruhiwa mwaka 1917. Mwaka 1929 alitoa kitabu Im Westen nichts Neues, maana yake, Upande wa Magharibi Hakuna Jipya. Humo askari kijana, Paul, anamchoma kisu Mfaransa aliyemwangukia shimoni. Mtu yule hafi upesi. Paul anakaa naye saa nyingi, anamnywesha maji, anamfunga majeraha, anamsikia akikoroma mpaka anakata roho. Kisha anafungua pochi ya marehemu: anaona jina lake, kazi yake ya upigaji chapa, na picha za mke na mtoto. Adui amekuwa jirani. Mwishoni Paul naye anakufa, Oktoba 1918, siku ambayo taarifa ya jeshi haikuwa na jipya la kusema.

Wako waliosema mwandishi amepita kiasi, na kwamba amewavunjia askari heshima. Tarehe 10 Mei 1933 wafuasi wa Hitler walikichoma kitabu hicho hadharani mjini Berlin, pamoja na vingine vingi. Mwaka 1939 utawala uo huo ukawasha vita mpya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Biblia nayo haifichi. Maombolezo yasimulia akina mama walivyopika watoto wao katika mji uliozingirwa. Waamuzi 19 ni sura ambayo wengi wetu tungependa kuiruka. Mambo hayo yaliandikwa ili tulie na kutubu, wala si ili tustarehe.

Hata hivyo, kipimo kipo. Mwinjili Luka, alipofika Kalvari, hakueleza misumari wala jinsi mwili ulivyochanika. Alisema tu kwamba walimsulubisha. Kisha akatusikilizisha sala ya Bwana kwa ajili ya wauaji wake. Basi, mwandishi anapita kiasi pale anapoupasua mwili wa mtu ili kumburudisha msomaji, na pale maiti hawana majina wala mama wa kuwalilia. Hapo hata ukurasa mmoja umezidi. Lakini akituonyesha jeraha ili tumwone ndugu yetu, anatufanyia kazi ya yule Msamaria, ambaye hakupita kando.

Na tusidhani kunyamaza ni adabu siku zote. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914–1918. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Wengi wao hawana kaburi lenye jina. Leo twanunua nyanya pale, na ni wachache wanaowakumbuka.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Msiwape watoto wadogo mzigo wasioweza kuubeba. Ninyi watu wazima, mkimaliza kitabu cha namna hii, jiulizeni: je, nimezidi kumhurumia mwanadamu, au nimezoea kumwona akifa? Na kama nyumbani mwenu yuko mzee aliyerudi kutoka vitani, asiyependa kusimulia, msimlazimishe. Bali akianza kusema, msimnyamazishe kwa sababu maneno yake ni mazito.

Mungu ambaye hata shomoro mmoja haanguki asipojua, kwake hakuna siku ya vita isiyo na jipya. Atupe macho ya kuona na moyo wa kutafuta amani. Amina.